Taa ya Njano

Siku niliyogundua kwamba nilidanganywa, nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwenye gereji moja hapa Ifakara, nakunywa chai ya tangawizi. Fundi alikuwa amefungua dashibodi ya gari langu kwa sababu ndogo tu: taa inayomulika mshale wa mafuta ilikuwa imekufa. Akakitoa kile kibao chenye saa ya mwendo na saa ya mizunguko, akakigeuza, akanyamaza. Halafu akaniita.

"Mwalimu, hebu njoo uone."

Kwa nyuma, pale penye tundu la taa ya cheki injini, ile ya njano, palikuwa na kipande cha utepe mweusi wa umeme. Kilikuwa kimekatwa vizuri kwa wembe, pembe nne zilizonyooka, kimebandikwa na mtu ambaye hakuwa na haraka. Fundi akakibandua kwa ukucha, akarudisha kibao, akawasha gari. Taa ikawaka. Ikaendelea kuwaka.

Nilikuwa na gari lile kwa miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne lilikuwa linanipigia kelele, na mimi nilikuwa sisikii kwa sababu mtu alikuwa ameliziba mdomo kabla ya kunikabidhi ufunguo.

Insha hii inahusu utepe ule. Nimeufikiria kuliko nilivyofikiria mambo mengi makubwa, na bado sijamaliza.

Kwanza nikwambie gari lenyewe, maana wengine mtacheka. Ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001. Ndiyo, Altezza, Ifakara. Injini yake ni 3S-GE, ujazo wa sentimita 1,998, kichwa chake kilitengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha, na ile ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Nguvu hizo zinapatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, mwendo ambao nikiutafuta hapa kwetu nitaukuta ndani ya shamba la mtu. Gari hili lilipotoka mwaka 1998 lilipewa tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani. Jina lake ni Kiitaliano, maana yake kimo, au utukufu wa mtawala. Kimo! Gari ambalo likipita juu ya muhindi wa kuchoma linauhisi.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Masika yakija, bonde lote la Kilombero linakuwa maji, mto Lumemo unaingia mitaani unapotaka, na gari langu linakaa juu ya matofali kama mgonjwa mwenye dripu huku mimi naenda kufundisha kwa baiskeli. Kabla lami haijafika kutoka Kidatu, kila safari ya Mikumi ilinila bushi mbili na usingizi wa siku tatu. Spea zinatoka Kariakoo kwa basi, zimefungwa kwenye boksi la sabuni, na mara nyingi inayofika siyo uliyoagiza.

Kwa nini basi ninalo? Sina jibu zuri. Nilikuwa kijana wa chuo Dar wakati Altezza ndiyo gari la ndoto, na nilijiapiza. Nilipopata mkopo wa kwanza wa maana, sikununua kiwanja. Mama hakusema neno. Alilizunguka gari mara moja, akagusa boneti, akauliza, "Na hili linabeba magunia mangapi?"

Sasa turudi kwenye utepe.

Watu wengi wanadhani gereji zetu zimejaa wezi. Mimi nimekaa sana kwenye ile ndoo ya rangi, na nitawatetea mafundi kabla sijawalaumu. Chukua themostati. Ni kidude kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Maji yakipata moto, kwenye nyuzi themanini na kitu hivi, nta inatanuka na njia inafunguka. Kikizeeka kinaweza kuganda kikiwa kimefunga, na hapo injini inachemka na gasketi inakwenda. Fundi wa huku, mahali pasipofika hata mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwenye joto la Januari, dawa yake ni moja: anakitoa, anakitupa. "Sisi siyo Wazungu, baridi yenyewe iko wapi?"

Kiufundi amekosea. Bila themostati injini haifiki joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi na inazidi kumwaga petroli, na vyuma vinalika mapema. Lakini kimaadili sijui kama amekosea. Mteja hana hela ya themostati halisi, iliyopo dukani ni feki, na ana mgonjwa wa kupeleka hospitali. Fundi amefanya alichoweza, na amesema alichofanya.

Amesema. Nilichukua muda mrefu kuona kwamba hapo ndipo mpaka ulipo. Fundi wangu aliwahi kunichongea bushi kwa raba ya tairi la lori, maana ya dukani haikufika. Aliponirudishia gari akaniambia, "Hii itakusogeza miezi mitatu. Usipite themanini, na ukisikia inagonga usijifanye hujasikia." Bushi ile ilikuwa ya kubabaisha, lakini kazi ilikuwa ya kweli. Ilikuja na maneno yake. Yule wa utepe naye alikuwa na wembe mkali na mkono mtulivu, huenda ni fundi hodari kuliko wangu. Tofauti yao haiko kwenye ustadi wala kwenye ubora wa spea. Mmoja aliacha kasoro na taarifa ya kasoro. Mwingine aliacha kasoro, akaondoa taarifa.

Mpaka hapa ni rahisi, kwa sababu mpaka hapa mimi ndiye niliyeonewa. Mtu aliyeonewa huwa na falsafa safi sana.

Taa ile ilikuwa na sababu. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unaendeshwa na mgandamizo wa oili. Njia zake zilikuwa zimeziba kwa tope jeusi: mtu alikuwa ameendesha miaka bila kubadilisha oili kwa wakati. Tukasafisha, nikabadilisha kidude cha kuelekeza oili, taa ikazima, miezi ikapita, ikarudi. Safari hii na sauti: asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tok-tok-tok chini kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Fundi akasikiliza kwa kuweka bisibisi ndefu sikioni. Akasema beringi zimeanza. Dawa ni kufungua injini yote, au kutafuta nyingine ya mtumba, na vyote viwili vilikuwa juu ya uwezo wangu.

Mwaka huohuo mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya chuo. Ada ilitakiwa. Mama alikuwa amelima mpunga, lakini maji yalikuja mapema na yakakaa, alivuna robo. Macho yote nyumbani yakageukia kile kitu chekundu kilichokaa juu ya matofali. Nikatangaza naliuza, milioni saba.

Akaja kijana. Mtu wa Malinyi, ameuza mpunga wa misimu mitatu, ana hela mkononi na kofia ya Yanga. Akanisalimia, "Shikamoo mwalimu." Akalizunguka gari namna ileile niliyolizunguka mimi. Nilijua kabisa kinachoendelea kichwani mwake. Akaniambia akilichukua, safari ya kwanza atampeleka mama yake Mahenge kumwona shangazi. Kwa hiyo atavuka daraja la Kilombero, lile refu la mita 384 lililofunguliwa 2018, apite Lupiro, halafu aanze kupanda mlima. Kupanda mlima, na beringi zile.

Alikuwa arudi Jumamosi. Ijumaa jioni nilikuwa gereji. Fundi wangu hakuwepo. Alikuwepo mwenzake, kijana mchangamfu, mwepesi wa mkono. Akanisikiliza akacheka.

"Mwalimu, hii mbona ndogo. Tunaweka oili nzito, ile ya malori, kelele inakufa wiki mbili. Taa tunaziba." Akaniona nasita. "Hata wewe si ulizibiwa?"

Sentensi ile ilinikaa rohoni usiku mzima. Nataka kuichambua kwa haki, maana ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ndani yake mna hoja tatu, na zote nilizitaka ziwe kweli.

Hoja ya kwanza ni ya deni. Nilipoteza, nina haki ya kurudishiwa. Gari linapita mikononi mwa watu na hasara yake inapita nalo, kama mchezo wa kupokezana kaa la moto: mjinga ni yule ambaye mkononi mwake linaungua. Lakini deni hudaiwa kwa aliyekopa. Kijana wa Malinyi hakuziba taa yangu. Nikimlipisha yeye, aliyenidanganya anabaki na hela yake, na mimi nabaki nimefanana naye. Ni kulipiza kisasi kwa jirani kwa sababu mwizi amekimbia.

Hoja ya pili ni ya bei. Gari la mtumba, kila mtu anajua, lina mambo yake. Bei ya milioni saba imeshahesabu hatari. Hoja hii nilikaa nayo hadi saa saba usiku, nikafanya hesabu ya darasa la nne. Kama bei imeshahesabu ubovu, utepe wa nini? Ukweli ni kwamba gari likiwa na taa inayowaka lina thamani ya milioni nne na nusu hivi. Taa ikizibwa, milioni saba. Kipande cha utepe cha shilingi mia tano kinazaa milioni mbili na nusu. Hela hiyo haitoki kwenye gari, maana gari ni lilelile. Inatoka kwenye kutojua kwa yule kijana. Ninamuuzia gari, halafu ninachuma ujinga wake mwenyewe na kuuweka mfukoni.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala maarufu juu ya soko la magari yaliyotumika, makala iliyochangia kumpa Nobel mwaka 2001, mwaka uleule gari langu lilipotoka kiwandani. Marekani gari bovu wanaliita limau. Alichosema, kwa lugha yetu, ni kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na limau, watatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, atajiondoa sokoni. Mwishowe yanabaki malimau. Kwa hiyo kila utepe, mbali na kumwibia mnunuzi mmoja, unamwibia pia mwenye gari zima asiye na namna ya kuaminika. Kila anayeuza gari Morogoro nzima ananyanyapaliwa kwa ajili ya yule fundi wa wembe, na mimi nilitaka kumwongezea nguvu.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Mnunuzi ana macho. Aje na fundi wake, apime kwa mashine, aulize. Akiuliza sitasema uongo. Asipouliza, kunyamaza siyo uongo. Hoja hii ni ya zamani kuliko magari. Cicero, Mrumi, aliiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, na mfano wake ungeeleweka hapa kwenye mashine yoyote ya kukoboa mpunga. Mfanyabiashara ametoka Aleksandria na shehena ya nafaka, amefika kisiwa cha Rodo, kuna njaa, bei iko juu. Yeye anajua kwamba nyuma yake meli nyingine nyingi zimebeba nafaka zinakuja. Awaambie watu, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anasimulia kwamba wanafalsafa wawili walibishana. Diogenes wa Babeli alisema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka ataje na asidanganye, basi. Kutosema siyo kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, akasema hapana, mnunuzi ajue yote unayojua wewe, kwa kuwa ninyi ni binadamu mnaoishi pamoja. Cicero akamwunga mkono Antipater.

Mimi, nakiri, moyo wangu wa biashara uko na Diogenes. Mfanyabiashara wa mchele halazimiki kumtangazia mteja kwamba wiki ijayo bei itashuka. Lakini hata nikimchukua Diogenes niliyempenda, hanisaidii. Diogenes anaruhusu kimya. Utepe siyo kimya, na oili nzito siyo kimya. Gari lenyewe lilikuwa linasema, kwa taa na kwa sauti. Kijana angesimama tu hapo asubuhi, injini ikiwa ya baridi, angeambiwa kila kitu bila mimi kufungua mdomo. Nikimwambia "una macho" baada ya kuyafunika, namfanyia kejeli.

Na kuna jambo jingine lililoniumiza zaidi. Sisi wa bonde hili tunaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja shambani na gunia, analijaza, halafu anashonea juu yake kichwa kingine cha mpunga, na analilipa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu tunalalamika. Nimemwona mama akishindilia mpunga kwenye lumbesa huku anauma midomo. Lakini vilevile, msomaji, nimewaona watu wa nyumbani kwetu wakiweka mpunga mbichi chini na mkavu juu. Walisema nini? "Na wao si wanatuibia kwa lumbesa?" Ni sentensi ileile ya gereji. Hata wewe si ulizibiwa. Kila mtu bondeni ana uovu aliotendewa wa kuuegemeza uovu wake, na ukifuatilia nani alianza hutafika mwisho.

Jumamosi asubuhi kijana alipokuja, nililiacha gari liwe la baridi. Nikamwambia awashe mwenyewe. Taa ikawaka, na hodi ikabishwa: tok-tok-tok. Nikamweleza yote, hadi utepe. Akanitazama kwa muda. Nilitegemea shukrani, nisifiche. Akasema, "Kwa hiyo mwalimu ulitaka kunipiga?" Nikasema hapana, nimekwambia. Akasema, "Lakini ulitangaza milioni saba." Hapo sikuwa na jibu, maana alikuwa sahihi. Akatoa milioni nne. Nikakataa kwa hasira ambayo hata sasa siielewi vizuri. Akaondoka na kofia yake.

Nilisikia baadaye kwamba alinunua gari jingine, kutoka kwa mtu mwingine, mbali na hapa. Sijui kama taa yake ilikuwa wazi.

Hapa insha nyingi za maadili huishia, mwandishi akiwa na usingizi mwororo. Mimi sikuupata. Ada haikupatikana kwa wakati. Mdogo wangu aliahirisha mwaka mmoja, akakaa nyumbani akiuza vitumbua kituo cha mabasi, hadi nilipopata mkopo mdogo. Siku moja aliniambia bila ukali, akichota unga: "Kaka, ukweli wako mimi ndiye niliyeulipia." Nimejaribu kumjibu mara nyingi. Naweza kusema kwamba njia nyingine ilikuwa mama wa mtu mwingine kukwama mlimani, au vibaya zaidi. Naweza kusema ningekubali zile milioni nne kama si kiburi, na hilo ni kosa langu, siyo la ukweli. Hili la pili ndilo ninaloliamini. Nilitaka kuwa mwaminifu na wakati huohuo nilipwe bei ya mwongo. Uaminifu una bei, na mwenye kuuchagua ndiye anayepaswa kuilipa, siyo kumwachia binti wa vitumbua. Ningechukua milioni nne, ningekopa kidogo, angekwenda chuo Oktoba.

Kwa hiyo sijifanyi mfano wa kuigwa. Nilichokipata ni kidogo, ila ni imara: kutengeneza na kunyamazisha ni kazi mbili tofauti, hata zikifanywa kwa bisibisi ileile, na zinatofautishwa kwa swali moja. Baada ya kazi hii, anayefuata atajua zaidi au atajua kidogo kuliko kabla? Swali hili naliuliza sasa hata nje ya gereji. Nalitumia ninaposahihisha mitihani na kushawishika kumpandisha mtoto alama ili mzazi asije shuleni. Nalitumia mama anaponiuliza kuhusu presha yake na mimi natafuta maneno matamu.

Gari bado ninalo. Mwaka jana nilibahatika injini ya mtumba kwa bei ya kuelewana, na fundi wangu aliifunga kwa siku nne. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili. Anapokuja likizo hupanda mbele, hufungua dirisha, na hajawahi kulisifia gari hata mara moja.

Nikuachie jambo moja la faida, kama unataka kununua gari. Ukizungusha ufunguo kabla injini haijawaka, ile taa ya njano inatakiwa iwake yenyewe. Gari linajipima, linakuonyesha kwamba mdomo wake ni mzima. Injini ikishawaka, taa inazima. Watu huogopa gari ambalo taa inawaka. Wewe anza kuogopa gari ambalo taa haiwaki kabisa, na umuulize mwenye nalo kwa upole ni nani aliyefungua dashibodi mara ya mwisho.